Naomba ushauri: uli ya kwa baba na kanga ya kwa mama kwenye chapa moja

Habari zenu wapendwa. Baba yangu ni Mwigbo wa Enugu, Nigeria, mama ni Mdigo wa Tanga nilikolelewa. Kiigbo najua salamu tu. Mwaka huu nimeanza kuchonga lino (kipande laini cha linoliamu) na kuchapa kwa mkono, na moyo umenivuta kwenye uli, michoro ambayo wanawake wa Kiigbo walijipamba nayo mwilini na kwenye kuta za udongo, na ambayo msanii Uche Okeke aliipa maisha mapya pale chuo kikuu cha Nsukka. Naipenda sana agwolagwo, ule mzunguko wa nyoka aliyejikunja.

Nataka uli ikae kwenye mji, yaani katikati ya kitambaa, pindo liwe la kanga, na jina liandikwe “Nne m”, yaani mama yangu. Lakini Mswahili si atasoma namba 4? Niandike lugha zote mbili?

Halafu kitambaa cha pamba kinanishinda. Mistari ya uli ni myembamba, nikipitisha rola wino unaziba michongo yote, nyoka anakuwa doa jeusi. Nipunguze wino au nichonge kwa kina zaidi? Na mliochanganya damu kama mimi, mliwauliza wazee kwanza kabla ya kutumia alama zao?