Burashi ya kunyolea inayowasha ngozi: beja, nguruwe, farasi au sintetiki?

Kidevu Laini

Ndugu zangu, ninaomba msaada wa kulinganisha. Ninanyoa kwa sabuni na burashi ya manyoya ya beja, yule mnyama wa jamii moja na nyegere, na burashi yenyewe ni ya daraja la chini. Kila ninapopaka povu, hata kabla wembe haujagusa uso, mashavu huanza kuchoma, na shingo hubaki na wekundu hadi mchana. Ninajiuliza kama nipande hadi daraja la juu la beja, nihamie kwenye nywele za nguruwe au singa za farasi, au niachane kabisa na nywele za wanyama na kuchukua burashi ya sintetiki. Ngozi yangu ni kavu, na ndevu zangu ni ngumu na za kujikunja. Ningefurahi kusikia kutoka kwa wenye uzoefu wa aina zaidi ya moja, wakieleza na sababu.

Mzee wa Povu

Ndugu Kidevu Laini, anza kwa kuzitazama ncha. Unywele wa beja kwa asili ni mnene katikati na huchongoka kuelekea nchani, na ncha hiyo nyembamba ndiyo inayopaswa kugusa ngozi. Katika burashi iliyotengenezwa vizuri, fundi hupanga fungu la nywele kwa mkono mpaka juu pawe na umbo la kuba, bila kukata chochote. Katika burashi nyingi za daraja la chini umbo hilo hupatikana kwa mkasi, na kila unywele uliokatwa hubaki na kisiki chenye kingo. Ukizungusha visiki hivyo usoni kwa nguvu, ngozi kavu lazima ilalamike. Ndiyo maana beja wa daraja la juu, yule mwenye ncha nyeupe, ni laini kuliko wako ingawa mnyama ni yule yule.

Nywele za nguruwe ni nene na ngumu zaidi, na zikiwa mpya huchoma kweli. Hata hivyo zina sifa ya pekee: hunywa maji, na kwa kadiri zinavyotumika ncha zake hupasuka na kugawanyika, hivyo burashi huzidi kulainika. Anayeitaka sharti ailoweke kwa dakika chache katika maji ya uvuguvugu kila kabla ya kunyoa. Singa za farasi hukaa kati ya hizo mbili, kwa kuwa za shingoni ni laini, za mkiani ni ngumu, na watengenezaji wengi huzichanganya. Ubora wake mwingine ni kwamba hukatwa mnyama akiwa hai, jambo ambalo mimi binafsi ninalithamini.

Uzi Mwembamba

Ninaheshimu maelezo ya Mzee wa Povu, lakini kwa ngozi ya aina hii sioni sababu ya kupita njia ndefu. Nyuzi za sintetiki za kisasa huchongolewa nchani kiwandani, kwa hiyo ncha moja haitofautiani sana na nyingine, na hakuna haja ya kusubiri zilainike. Hazinywi maji, hukauka haraka, na hazihitaji kulowekwa. Zaidi ya hayo, kwa mtu anayeshuku kwamba mwili wake unakataa kitu kitokanacho na mnyama, hii ndiyo njia nyepesi ya kuliondoa shaka hilo.

Kasoro yake ni kwamba baadhi hurudi kwa nguvu zinapokandamizwa, na mtu aliyezoea beja huona kana kwamba zinamsukuma. Chagua yenye nyuzi ndefu kidogo na fungu lisilobanana sana, kwa sababu uzi mfupi uliobanana husugua hata ukiwa mwembamba.

Muuguzi wa Ngozi

Ninaomba tusimame kidogo kabla ya kununua, maana neno “kuwasha” linafunika mambo manne tofauti, na burashi mpya hutibu baadhi tu ya hayo.

La kwanza ni mchubuko wa msuguano: kuchoma huanza pale pale na hupungua ukipunguza nguvu. La pili ni mzio halisi wa vitu vitokanavyo na mnyama, ambao kwa kawaida huleta mwasho na mabaka yaliyovimba ndani ya dakika chache, pengine pamoja na kupiga chafya au macho kutoa machozi. Nywele za burashi huoshwa na kutibiwa kiwandani, hivyo ninauona kuwa nadra kuliko watu wanavyodhani. La tatu ni sabuni. Sabuni ya kawaida ya kunyolea ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya takriban 9 hadi 10, ilhali uso wa ngozi uko karibu na 5, na manukato yake yanaweza kuleta mzio unaojitokeza baada ya siku moja hadi tatu, wakati mtu ameshasahau alichopaka. La nne ni vipele vya ndevu za kujikunja, ambazo baada ya kukatwa hurudi na kuchoma ngozi kutoka nje au kutoka ndani. Hivi husababishwa na namna ya kunyoa, na huhusiana zaidi na wembe kuliko burashi.

Jaribio ni rahisi. Acha ngozi itulie kwanza, kisha tumia sabuni ile ile, lakini povu ulipake kwa vidole. Wekundu ukirudi, mtuhumiwa ni sabuni. Usiporudi, paka tena siku nyingine, upande mmoja kwa burashi na upande mwingine kwa vidole, bila kunyoa, ukilinganisha mashavu yote mawili kwenye mwanga wa kutosha. Ukiona malengelenge, usaha, au wekundu unaosambaa nje ya sehemu uliyopaka, acha majaribio na umwone daktari wa ngozi. Yeye anaweza kukubandika vipimo vya mzio mgongoni, ambavyo huondolewa baada ya saa 48 na kusomwa tena siku kadhaa baadaye.

Kidevu Laini

Ninashukuru sana, na nimefuata maelekezo ya Muuguzi. Kwa vidole, sabuni haikuleta kuchoma wala wekundu. Upande wa burashi ulichoma kama kawaida, na nilipogusisha burashi kwa wepesi, kwa kupaka juu na chini bila kuizungusha, kuchoma kulipungua ingawa hakukuisha. Hapakuwa na mabaka wala chafya. Nimezitazama ncha kwa kioo cha kukuzia, nazo ni butu, kama Mzee wa Povu alivyosema. Swali langu lililobaki ni kati ya beja wa daraja la juu na sintetiki. Pia rafiki amenipa burashi ya kale sana ya singa za farasi, nami sijaitumia.

Mzee wa Povu

Hiyo ya kale usiitumie. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, watu Uingereza na Marekani, wakiwemo wanajeshi, waliugua kimeta kutokana na burashi mpya zenye singa za farasi ambazo hazikuwa zimetakaswa ipasavyo, na mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingiza burashi za kunyolea kutoka Japani. Burashi za leo hutengenezwa kwa utaratibu mwingine kabisa, lakini kifaa kisichojulikana kilikotoka hakistahili kugusa ngozi iliyochubuka.

Kuhusu swali lako, kwa ngozi iliyokwisha kuwaka ninakubaliana na Uzi Mwembamba: chukua sintetiki kwanza. Beja mwenye ncha nzima ataendelea kuwapo ngozi ikishapona.

Muuguzi wa Ngozi

Nami ninaunga mkono, kwa nyongeza mbili. Endelea na vidole mpaka wekundu wote uishe, kwa sababu ngozi iliyochubuka itaikataa hata burashi laini kuliko zote. Baada ya kila matumizi suuza burashi hadi maji yatoke safi, ikamue bila kuivuta, na uiache ikauke mahali penye hewa, si ndani ya kikopo kilichofungwa, kwani sabuni iliyoganda na unyevu hufanya ncha kuwa ngumu na huwapa bakteria makazi. Wala usiazimane burashi na mtu.

Uzi Mwembamba

Ukiipata, ijaribu kwanza ikiwa imelowa na ina povu, upande wa ndani wa kiganja na kisha chini ya taya, ambapo ngozi ni nyepesi zaidi. Ikichoma chini ya taya, irudishe. Burashi ya sintetiki haitalainika kwa kutumiwa kama ya nguruwe.