Fensi ya msumeno wa meza wa zamani: kurekebisha, kuchomelea ya T au kuagiza?

Seremala_Makorora
Habari za jioni wakuu. Nina msumeno wa meza alioniachia marehemu baba. Meza ni chuma kizito cha kusubu, mota bado inavuta. Kinachonitesa ni fensi, kile chuma kinachoongoza mbao wakati wa kupasua. Ni ya mtindo wa zamani, inakaza mbele na nyuma. Nikikaza mkono wa mbele, mkia unahama karibu milimita 2 kuelekea msumeno. Juzi nikipasua mvule wa fremu za milango, ukingo wote uliungua, na kipande kimoja kikarudi kwa kasi kikapiga ukuta nyuma yangu. Nimeogopa kweli. Nirekebishe hii, nichomelee ya T, au niagize Biesemeyer, ile fensi ya T ya kiwandani?

Mchomeleaji wa Ngamiani
Pole sana mkuu. Shukuru hukusimama mstari mmoja na ile mbao.

Usiagize kwanza. Hiyo Biesemeyer ukiifungua akilini ni kitu chepesi: engo, yaani chuma cha pembe, imefungwa mbele ya meza, juu yake bomba la mraba, na T inayotembea juu ya bomba. Inakaza mbele tu. Upana wa kichwa cha T ndio unaoiweka sambamba, kwa hiyo mkia hauna kazi ya kushika chochote.

Nimeshatengeneza mbili, kwa skwea paipu ya 50 kwa 75, unene milimita 3. Ya kwanza niliiharibu kwa kuchomelea mfululizo, joto likaivuta ikapinda. Chomelea nukta, acha ipoe, pima kwa guni, ndipo uende upande wa pili. Kwenye kichwa weka bolti mbili za kurekebishia, maana haijawahi kutoka sawa mara ya kwanza.

Mama Kabati
Mimi natengeneza makabati ya jikoni, nakata MDF, zile mbao za kiwandani, kutwa. Niliagiza ya aluminiamu. Usafiri uliniuma, mashimo hayakulingana na meza yangu nikatoboa upya, lakini sijajuta. Ina rula ninayoiamini, sipimi tena kila kipande kwa futi.

Kaka, ukichomelea yako usibane urefu wa reli, lile bomba la mbele. Karatasi ya MDF ina upana wa milimita 1,220. Ukitaka vipande viwili sawa, nusu si 610, kwa sababu msumeno unakula kama milimita 3. Unaweka 608.5. Reli isiyofika hapo itakutesa kila siku.

Mzee wa Chuda
Wanangu, mnakimbilia chuma kabla ya kupima. Chomoa umeme. Tia alama jino moja la msumeno, lisogeze mbele, pima umbali wake hadi kwenye mfereji wa meza. Zungusha jino hilohilo hadi nyuma, pima tena. Kama vipimo vinatofautiana, msumeno wenyewe umekaa upande, na hata fensi ya dhahabu haitakusaidia. Ukishanyoosha msumeno, ndipo fensi ifuate mfereji uleule.

Halafu kwa mvule, mninga na mkongo, funga ubao kwenye uso wa fensi, uishie kupita kidogo katikati ya msumeno. Miti hii huwa na mvutano ndani, ikipasuliwa hufunguka. Fensi ndefu inausukuma ule upande uliofunguka urudi kwenye meno ya nyuma. Hapo ndipo mbao inaporuka.

Seremala_Makorora
Shikamoo mzee, ahsante sana. Nimepima asubuhi hii: jino mbele na nyuma, sawa kabisa. Fensi nikailegeza bolti za kichwani, nikainyoosha, nikakaza. Imeshika mara tatu, ya nne ikahama. Kufuli la nyuma limelika, sioni cha kurekebisha. Dada, rula nimekuelewa, ila kwa sasa pesa ya kuagiza sina. Naenda na T.

Mzee wa Chuda
Marahaba. Na kile kibapa cha nyuma ya msumeno, kinachozuia mbao isiubane, kipo?

Seremala_Makorora
Hakipo mzee. Nilikikuta kimeshatolewa.

Mzee wa Chuda
Basi mvule usiuguse mpaka kirudi. Fensi mpya bila hicho ni nusu ya kazi.

Mchomeleaji wa Ngamiani
Nitakukatia vyote siku moja. Niletee unene wa msumeno, upana wa mkato wa meno yake, na umbali wa matundu yaliyopo mbele ya meza. Reli ukishaifunga ipake nta, hewa yetu ya bahari haichelewi kuleta kutu. Silikoni usipake, ikigusa mbao vanishi haishiki.