Vifaa vya kufungulia mashine ya boti kwa sisi wa Moshi na Arusha: tupeane uzoefu

Perege wa Pasua

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Moshi, Pasua. Nina boti ya faiba pale Bwawa la Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata, inabeba samaki na abiria. Mashine ni Yamaha ya farasi 15, tu-stroki. Huku kwetu fundi wa Noah utampata kila kona na wa bodaboda ndio usiseme, lakini ukitamka "mashine ya boti" unaambiwa nenda Tanga au Mwanza. Basi nimejifunza kuifungua mwenyewe. Kilichonitesa zaidi ni vifaa, kuliko hata mashine yenyewe.

Nianze na langu. Mwaka juzi mashine ilianza kukohoa, nikajua ni plagi. Nikatoka mjini na plagi mpya mbili pamoja na spana ya plagi niliyoazima kwa dogo wa bodaboda. Nafika bwawani saa 1 asubuhi, navua kava, mdomo wa spana haumezi hata ncha ya kichwa cha plagi. Ile ya bodaboda ni ya milimita 16. Plagi yangu, B7HS-10, inataka 21. Jamaa mmoja kwa moyo mzuri akaleta spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo. Tulipokaza mkono ikateleza, kauri nyeupe ikapasuka pale pale, kipande kikadumbukia majini. Nilikuwa na makreti ya perege ya mama mmoja wa Mwanga, barafu inayeyuka, jua linapanda. Mzigo ukahamishiwa mtumbwi wa kasia. Alipoteza hela siku ile, na alinipa mzigo ule kwa kuniamini. Hadi leo linaniuma.

Nikarudi mjini nikazunguka maduka siku 2 naulizia "spana ya plagi ya boti". Hakuna, hakuna, hakuna. Siku ya 3 nikaweka ile plagi iliyopasuka mfukoni, nikaingia duka la spea za magari, nikaiweka mezani bila kutaja boti. Kijana akageuka nyuma, akashusha soketi ya plagi ya magari ya zamani, ndani ina mpira wa kushika plagi. Ikaingia kama imezaliwa nayo. Na nilikuwa nimeshapita duka lile siku ya kwanza!

Tangu hapo sitafuti kifaa kwa jina. Napima bolti kwa vernia au naenda na kitu chenyewe.

Sasa kinachonishinda ni flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine. Mashine ikipata moto cheche inapotea, ikipoa inarudi. Koili, ile inayotoa umeme wa cheche, iko chini ya flaiwili na sina pula ya kuing'oa flaiwili. Pula za miguu mitatu zipo madukani ila naogopa.

Tupeane uzoefu: kifaa gani kilikusumbua, ulikipata wapi, au ulitumia nini badala yake?

Ngarenaro Spana

Mkuu, umeogopa vizuri. Usiweke pula ya miguu kwenye flaiwili. Inavuta ukingoni, flaiwili inapinda, na ndani kuna sumaku zimegandishwa, zinaweza kuachia. Nyundo nayo kaa nayo mbali. Nitamwita jamaa yangu mmoja humu, yeye ndiyo kazi yake.

Mimi ni fundi pikipiki Arusha, mashine za boti zinanifikia mojamoja kutoka kwa watu wa utalii. Langu ni bisibisi ya nyota. Watu wanadhani nyota zote ni moja. Skrubu za mashine za Kijapani zimekatwa kwa kipimo chao, wanakiita JIS, na bisibisi ya nyota tunayouziwa madukani ni ya mkato mwingine. Haikai hadi chini kwenye msalaba, ukikaza inapanda juu na kutafuna. Skrubu nyingi za JIS zina kidoti kidogo kichwani, angalieni kwa tochi.

Niliwahi kuletewa kabureta ambayo skrubu zote za bakuli zimeliwa hadi zimekuwa duara. Mwenye mashine ameshahangaika wiki nzima, anahema akiniangalia. Nilitumia bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo inazunguka yenyewe kidogo. Tatu zikatoka. Ya nne niliikata mfereji kwa msumeno mwembamba wa chuma, nikaitoa na bisibisi bapa.

Hizo bisibisi za JIS mimi nilizipata kwa wauza vyuma vya mtumba, kwenye mifuko ya vifaa iliyokuja na pikipiki za zamani za Kijapani. Vile vidogo vyenye mpini wa kuchomeka, watu wanavidharau. Ukikosa kabisa, chukua nyota namba 2 nzuri, isage ncha kidogo sana kwenye jiwe, unajaribu kwenye skrubu hadi ikae bila kucheza. Polepole, ukizidisha umeharibu.

Mama Kambare

Asante kaka Perege kwa uzi. Mimi nina kamashine kadogo ka farasi 3 na nusu kwenye mtumbwi, hapo hapo bwawani. Propela yake inashikwa na pini. Ukigonga kisiki, pini inakatika ili gia zipone. Kijana wangu alichoshwa na pini kukatika, akaweka msumari wa zege. Sikujua.

Jioni moja tunarudi, giza linaingia, tukagonga mti uliozama. Pini haikukatika. Tulisikia mlio kama wa kutafuna mawe, halafu mashine inanguruma na mtumbwi hauendi. Tulipiga kasia hadi saa 4 usiku, na bwawa lile lina mamba. Gia zilikuwa zimevunjika meno. Kijana alilia, sikumgombeza.

Sasa vifaa vyangu vinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya ubao wa kukalia: pini 5 za saizi yenyewe, splitpini, plaizi, tochi ya kichwani. Plaizi nimeifunga kamba ya nailoni, mwisho wa kamba umefungwa kwenye mtumbwi. Kifaa kisicho na kamba majini huna. Hilo nimelilipia plaizi 2 na spana 1.

Kijana wa Majengo

Wakuu, hizi seti za vipande 46 kwenye kiboksi zinatosha? Nimeona mjini.

Ngarenaro Spana

Kwa nati za 8, 10 na 12 za ndani ya kava zitakusaidia mwanzoni. Ila angalia soketi ziwe za pembe 6. Za pembe 12 zikikutana na bolti iliyoshika kutu zinalamba kona zake. Na bolti za stenlesi ndani ya aluminiamu zinashikana vibaya sana. Usizilazimishe. Mafuta ya kulainishia leo, uifungue kesho, na ikibidi pasha moto ile aluminiamu. Mafuta na gesi za petroli ziwe mbali kwanza.

Babu wa Usa River

Vijana, nimetumikia boti za Tanga kabla ya kurudi huku kulima. Mnaongea milimita tu kwa sababu mashine zenu ni za Kijapani. Nilikuja na Johnson ya zamani ya farasi 25, ya Marekani, na hiyo ni inchi.

Nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiipa spana 13 inaingia, inakudanganya kwamba imefaa. Kuna nafasi ndogo tu pale, lakini ukikaza kwa nguvu nati inakuwa yai. 7/16 ni 11.1, spana 11 haitaki kuingia. Ya robo tatu ndiyo inayopatana na 19, hiyo unaweza kutumia.

Nilihangaika madukani, kila mmoja ananiambia inchi ziliisha. Nikakumbuka kwamba Arusha ni mji wa Land Rover. Hizo za zamani, Series, zina bolti za inchi chungu nzima. Nikaenda kwa mafundi wazee wanaozitengeneza. Mmoja akafungua sanduku la mbao, ndani spana zimepangwa juu ya gunia lenye oili, 7/16, nusu, 9/16 na nyingine, hazina hata doa la kutu. Aliniuzia 3 alizokuwa nazo mbilimbili. Nusu hakuniuzia, alisema hiyo anayo moja na aliirithi kwa mwalimu wake wa kazi. Nilimheshimu sana. Nikiihitaji naenda kuazima, narudisha siku hiyo hiyo.

Mama Kambare

Shikamoo mzee. Umenikumbusha marehemu baba, alikuwa anatunza vifaa vyake namna hiyo.

Babu wa Usa River

Marahaba mwanangu.

Tone la Kikuletwa

Mimi kilichonisumbua ni pampu ya kujazia oili ya gia. Ile sehemu ya chini ya mashine ina skrubu 2, ya chini na ya juu. Nilikuwa najaza kwa tundu la juu kama unavyojaza gari. Hewa inanaswa ndani, unadhani imejaa kumbe nusu. Inatakiwa usukume oili kwa tundu la chini hadi itoke juu, ufunge ya juu kwanza, ndipo utoe mrija na kufunga ya chini haraka.

Pampu yenyewe sikuipata Moshi wala Arusha. Nilichukua chupa laini ya plastiki, ya kubinya, nikaiosha na kuikausha siku nzima, kipande cha mpira mdomoni kikabana kwenye tundu. Inafanya kazi. Weka na washa mpya za kuzibia kwenye skrubu zote 2 kila ukifungua, ni vitu vidogo ila maji yanapita hapo.

Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, sili (mipira ya kuzuia maji) zimechoka. Yangu ilitoka hivyo mwezi wa 3. Kubadilisha oili tu bila sili ni kupoteza hela. Na bisibisi bapa ya kufungulia iwe pana ya kujaza mfereji wote, nyembamba zinavunja ukingo.

Kijana wa Majengo

Nami niseme basi. Nilinunua mashine ya mtumba nikaiwasha barazani kuisikiliza, kavu, bila maji. Haikufika hata dakika 2. Nilipoipeleka majini haikojoi, yaani haitemi maji ya kupoozea. Kufungua pampu ya maji, ile impela ya mpira mabawa yameungua, mengine yamekatika yameingia kwenye njia ya maji. Ilikuwa akiba yangu ya mwaka mzima.

Tone la Kikuletwa

Pole sana mdogo wangu. Mpira ule unalainishwa na maji yenyewe, ndiyo maana. Tafuta pipa la lita 200, likate mdomo, jaza maji yapite juu ya matundu ya kuvutia maji, uning'inize mashine kwenye mbao nene. Na hivyo vipande vilivyokatika hakikisha umevitoa vyote, uvihesabu ukivilinganisha na impela mpya. Kimoja kikibaki kitaziba na mashine itachemka.

Mchonga Vyuma

Nimeitwa, nimefika. Nipo Unga Limited, Arusha, nachonga vyuma.

Perege, hiyo pula tumeshaitengeneza mara kadhaa. Ni sahani ya chuma cha milimita 10 au 12, katikati ina tundu lenye nyuzi na bolti nene, pembeni matundu 3 ya bolti zinazoshika kwenye flaiwili. Flaiwili yako ukiitazama juu utaona matundu 3 yenye nyuzi kuzunguka nati. Yamewekwa kwa kazi hiyo hiyo.

Shida ni kwamba huwezi kuniletea flaiwili kwa sababu ndiyo unayotaka kuitoa, na kubeba mashine hadi Arusha ni gharama. Fanya hivi. Paka grisi kidogo kuzunguka yale matundu, chukua kipande cha boksi kigumu, kibonyeze juu kwa kiganja. Matundu yatajichora. Halafu nenda na bolti za aina 2 au 3, jaribu kwa vidole tu hadi upate inayozunguka yenyewe mpaka chini. Usilazimishe kwa spana. Niletee boksi na hiyo bolti.

Siku ya kung'oa, kuzuia flaiwili isizunguke, mkanda wa kiti cha gari unaufunga kuizunguka. Nati ya katikati ifungue lakini usiitoe kabisa, iache iwe sawa na ncha ya shafti, hiyo inalinda nyuzi. Kaza bolti ya kati hadi iwe nzito, kisha gonga kichwa cha bolti hiyo mara moja, kavu. Itaruka na mlio, usishtuke. Iangalie kii ndogo kwenye shafti, kile kipande cha chuma kinachoiweka flaiwili mahali pake, hiyo ikipotea umekwama. Kabla ya kurudisha, futa shafti na ndani ya flaiwili kwa kitambaa kikavu, pasiwe na tone la oili.

Ngarenaro Spana

Perege, kabla hujafunga safari, koili umeipima kwa tester?

Perege wa Pasua

Nimepima ikiwa baridi na ikiwa moto. Moto haisomi kitu. Nina uhakika ni yenyewe.

Shikamoo Babu. Mchonga Vyuma, nimetoka kufanya ulivyosema, boksi la sabuni, grisi kidogo, alama 3 zimetoka safi. Bolti ya kwanza iligoma nyuzi 2 tu, ya pili imezunguka hadi chini kwa vidole. Nimezifunga pamoja na kuandika juu kwa kalamu ya wino. Jumamosi napanda basi la saa 12 asubuhi, nakuja Unga Limited.

Mchonga Vyuma

Njoo. Sahani naikata kesho.