MREJESHO: Chuo cha umma cha jimboni au ufadhili wa ufaulu jimbo jirani (Marekani)

Wadau, niliuliza kama binti achukue chuo cha umma cha jimboni kwetu au cha jimbo jirani kilichomwahidi dola 12,000 kwa mwaka kwa ufaulu wake. Asanteni sana mliosema tuangalie kinachobaki kulipwa, si ukubwa wa ufadhili.

Tulijumlisha ada, bweni, chakula, vitabu na nauli, tukatoa ruzuku tu. Mikopo na kazi za chuoni hatukuzitoa. Jirani wanatoza ada ya wasio wakazi, hivyo jumla yote kwa mwaka ni 46,000 toa 12,000, inabaki 34,000. Jimboni: 27,000 toa 7,000 za ruzuku ya jimbo, inabaki 20,000. Tena barua ya jirani, mstari wa chini kabisa, ilisema GPA (wastani wa alama, juu kabisa 4.0) ikishuka chini ya 3.5 ufadhili unakatwa. Amekwenda jimboni.

Kuomba chuo nyongeza ya ruzuku hakukufaulu. Tulipeleka ombi mwishoni mwa Aprili, fungu likawa limeshagawiwa. Pelekeni mara barua ikifika, kabla ya mwisho wa kuthibitisha nafasi, ambao kwa vyuo vingi ni Mei 1.

Ushauri wa kusoma masomo 2 ya kiangazi chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) tumeuchukua, baada ya kupata kwa maandishi kwamba yatakubaliwa na chuo chake.