Tukiacha kuchoma mkaa sisi, majirani si watamaliza msitu?

Katibu wa Kamati (Chamwino)

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, mwaka wa sita sasa. Naomba msaada wa wenye hesabu zao.

Msitu wetu unapakana na wa kijiji jirani. Mpaka ni korongo, kiangazi ni mchanga mtupu. Mwaka juzi vijiji vyote viwili tulikubaliana: hakuna tanuru la mkaa kwa miaka mitano, mikwaju na migunga irudi. Sisi tukashika. Mwezi wa nane nikashuka korongoni alfajiri, nikahesabu pikipiki 11 zikitoka upande wa wenzetu, kila moja na magunia matatu, zinakimbilia lami. Vijana wetu nao walikuwa wameziona. Wakaniuliza, "Katibu, tunamtunzia nani?" Wiki mbili baadaye moshi ukafuka upande wetu. Aliyewasha ni mtoto wa dada yangu. Nilisimama kando ya lile tanuru nikakosa la kumwambia, maana ada ya mwanawe nami sikuwa nayo mfukoni.

Tena matanuru yenyewe ni haya ya kufukia udongo. Kilo 100 za kuni zikikupa kilo 20 za mkaa, shukuru. Nyingine yote imekwenda na moshi.

Binti yangu anasoma uchumi UDOM. Alinisikiliza, akachora viboksi vinne kwenye karatasi. Tukitunza wote, wote tunapata. Wao wakikata sisi tukatunza, wao wanapata hela, sisi tunabaki na korongo. Kwa hiyo kila upande ukijihesabia peke yake unaona heri ukate, na mwisho wote tunakosa. Akasema, "Baba, hii ni nadharia ya michezo, hesabu ya watu ambao faida ya kila mmoja inategemea atakachofanya mwenzake, na mataifa yamekwama hapo hapo kwenye hewa ukaa."

Karatasi ninayo hadi leo. Inaeleza vizuri kwa nini tumeshindwa. Je, inaeleza pia namna ya kutoka? Nawaomba msinijibu kwamba elimu itolewe. Kijijini kwetu hakuna asiyejua msitu ukiisha itakuwaje.

Mwalimu wa Hesabu (Kongwa)

Shikamoo katibu. Binti yako amechora sawasawa, ila mchoro ule ni wa watu wanaokutana mara moja wakaachana. Ninyi mnaoleana na mnazikana.

Miaka ya mwanzo ya 1980 kulikuwa na Mmarekani, Robert Axelrod, aliyewaita wataalamu walete programu za kompyuta zishindane katika mchezo huo huo, raundi nyingi mfululizo. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport. Inaanza kwa wema, kisha kila raundi inamtendea mwenzake kama alivyotendewa raundi iliyopita. Akirudi kwenye wema, nayo inarudi. Haiweki kinyongo.

Ila tazama mambo mawili. Kwanza, programu ile iliona kila hatua ya mwenzake. Wewe umeziona pikipiki mwezi wa nane. Ukataji ulianza lini? Pili, vijana wako wamelipiza kwa shoka, na shoka hilo limekata msitu wenu wenyewe. Adhabu ya namna hiyo inamuumiza anayeitoa.

Mataifa yamepita njia zote mbili, ya mkataba wenye meno na ya usio na meno. Mkataba wa Montreal wa 1987, wa kulinda tabaka la ozoni, uliwawekea walio nje vikwazo vya biashara ya kemikali zile, hivyo kukaa nje kukawa hasara. Itifaki ya Kyoto ya 1997, ya kupunguza hewa ukaa, haikuwa na meno: Marekani haikuiridhia, na Kanada ikatangaza kujitoa 2011 bila kulipa chochote. Kwa hiyo nakuuliza: hao jirani zenu wanategemea kitu gani kutoka kwenu?

Mama Alizeti (Kondoa)

Kaka katibu, pole sana, hasa kwa hilo la mpwa wako.

Mimi nilikuwa binti wakati wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Mradi ulianza 1973, na 1979 mifugo yote ikatolewa kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limeliwa na makorongo. Milima ilirudi kuwa kijani, siwezi kusema uongo. Lakini ng'ombe wa baba hawakuyeyuka, walipelekwa kwa ndugu nje ya mpaka wakala kule. Usipoangalia, na mkaa wako utahamia kijiji cha tatu.

Nenda ukawaone wa Duru-Haitemba, Babati. Miaka ya 1990 wanavijiji wenyewe waliuchukua msitu ule, wakajiwekea sheria ndogo na walinzi wao. Mambo ya namna hiyo ndiyo aliyoyachunguza Elinor Ostrom hadi akapewa Nobeli ya uchumi 2009: watu kutunza cha wote kwa kanuni walizojitungia, kosa la kwanza faini ndogo, la pili kubwa zaidi.

Muuza Gesi (Dodoma mjini)

Mzee wangu, pikipiki zile zinakuja huku kwetu. Tangu 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimezuiwa kupikia kuni na mkaa, lakini majumbani gunia bado lina mteja. Halafu kinachoniuma: Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia. Kwa nini hesabu ngumu aifanye mpwa wako?

Katibu wa Kamati (Chamwino)

Muuza Gesi, unasema kweli na inaniuma pia. Lakini wa viwanda vya mbali sina mkutano nao. Wa korongoni ninao.

Marahaba mwalimu. Swali lako limenikalisha macho. Wanategemea kisima chetu na josho letu. Maji sitamfungia mtu, hilo sitalipeleka hata kwenye kikao. Josho linaongeleka: anayekamatwa na mkaa, wa kwao au wa kwetu, alipe mara mbili kuogesha mifugo msimu mzima.

Na dada yangu wa Kondoa, nimechukua la walinzi. Nataka doria iwe ya mchanganyiko, wawili wao wawili wetu, daftari moja linalolala wiki kwao wiki kwetu. Mtu wa kwetu akikamatwa, nusu ya faini iende kwao. Wa kwao, nusu ije kwetu. Mpwa wangu atakuwa wa kwanza kuandikwa, nimeshamwambia.

Mwalimu, nusu si nyingi? Naogopa watu wasije wakasingiziana kwa ajili ya hela.

Mwalimu wa Hesabu (Kongwa)

Ni nyingi. Weka theluthi, na kosa lisiandikwe mpaka walinzi wa pande zote mbili waweke sahihi.

Katibu wa Kamati (Chamwino)

Theluthi basi. Mkutano mkuu ni Jumamosi, chini ya mbuyu. Nitaleta majibu.