Kuzunguka tao Nairobi siku nzima: ulianzia wapi, uliishia wapi? Tupeane uzoefu

Mkaazi wa Umoja

Wadau, hamjambo. Binamu yangu anatoka Kakamega wiki ijayo kwa mahojiano ya kazi. Mahojiano ni Alhamisi, halafu Ijumaa yote ni yake mpaka basi la usiku. Amesema hataki mall, hataki mbuga ya wanyama, anataka kuona tao. Nami nashukia kituo cha Ambassador kila asubuhi, napita mbele ya Archives, yale makavazi ya taifa, nakunja kona naingia kazini, na ukiniuliza ndani ya Archives kuna nini nitakutungia jibu. Wengi wetu tuko hivyo. Tunapita mbio, mkono juu ya mfuko wa simu, macho kwenye matatu.

Kwa hivyo wale mliowahi kuzunguka katikati ya jiji kwa miguu, siku nzima, bila shughuli nyingine, hebu semeni. Mlianzia wapi, mlikula nini, na nini hamwezi kurudia? Ratiba za kampuni za utalii nimeziona, hizo niachieni.

Bint Kisauni

Kama ni Ijumaa basi nina la kusema, maana yangu pia ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimefikia kwa dada yangu Eastleigh, akaniambia shuka mjini mapema kabla jua halijawa kali. Jua gani? Baridi ya huko kwenu yaingia mifupani.

Nilianzia Biashara Street kwa sababu nilitaka kuona leso wauzavyo. Maduka ni mengi, na mengine utaona kabisa ni ya familia za tangu zamani, mzee yuko kwenye kaunta na mwanawe yuko juu ya ngazi akishusha bidhaa. Sikununua, bei za Mombasa nazijua. Kutoka hapo ni hatua chache mpaka Jamia, na hapo ndipo siku yangu ilipokuwa tamu.

Msikiti wa Jamia una kuba tatu na minara miwili, na ubavuni mwake iko maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mlangoni na nguzo kubwakubwa. Niliingia maktaba kwanza. Ilifunguliwa 1931, ikajengwa na mke wa bwana McMillan kwa kumbukumbu ya mumewe, na mpaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Sasa fikirini, watu walikuwa wakitoka kuswali mlango wa pili, wasomi wa Kiarabu na Kiurdu wamo humo, na vitabu vilivyo ng'ambo ya ukuta hawaruhusiwi kuvigusa. Nilikaa pale kwenye meza za mbao nikiliwaza hilo mpaka adhana.

Baada ya swala barabara zote za karibu hujaa wachuuzi wa kofia, kanzu, uturi na tende. Mwambie binamu hata kama si Mwislamu apite hapo Ijumaa saa saba, asimame kando atazame tu. Akitaka kuingia msikitini aende saa isiyo ya swala, aombe ruhusa mlangoni na avae kwa heshima.

Chakula nilikula City Market, Muindi Mbingu Street. Mbele ni maua na vinyago, na wauza vinyago watakuita "dada" mpaka uchoke. Pita, nenda upande wa samaki. Samaki wa kukaanga na ugali na sukuma. Si wa kwetu, lakini alikuwa mbichi na ameiva vizuri, siwezi kusema uongo.

Hasla wa Luthuli

Dada umeandika vizuri lakini hiyo yote ni juu ya Moi Avenue. Tao yenyewe iko chini. Mtu wa Kakamega ukimzungusha Kimathi Street na Kenyatta Avenue atarudi nyumbani akisema Nairobi ni benki na mikahawa.

Mshushe hivi: Tom Mboya Street, uingie Luthuli uone spika zikipimana nguvu duka kwa duka, utokee River Road, ushuke mpaka Kirinyaga Road, kule tunaita Grogan, kwa spea za magari. Pale utaona gari zima limelala vipande vipande kwenye ukuta, na muuzaji anajua kila kipande ni cha modeli gani ya mwaka gani bila kuangalia karatasi. Mimi nimekulia hizo barabara na bado nasimama kutazama.

Kula River Road. Chapati na madondo (maharagwe), chai ya maziwa, unabaki na nauli. Halafu jioni mpeleke Railways aone nganya, zile matatu zilizopambwa, za Rongai zikipakia. Zile grafiti, taa na muziki ni maonyesho ya bure, na kila wiki kuna gari jipya. Makanga akikuita usijibu kama huendi, utajikuta Rongai.

Usalama, kwa sababu najua mtauliza. Begi mbele. Simu usiitoe ukiwa umesimama ukingoni mwa barabara wala dirishani mwa matatu. Ukitaka kuangalia ramani ingia dukani. Na usisimame katikati ya njia ukihesabu ghorofa, utapigwa bega na watu watano kabla hujafika ya kumi. Mtu akikwambia "customer, unatafuta nini?" sema "napita tu, boss" uendelee kutembea. Hawana ubaya, ni kazi.

Mkaazi wa Umoja

Haya, tayari kuna vita vya juu na chini. Endeleeni.

Mzee wa Garimoshi

Wajukuu zangu, mmeruka mlango wa mji. Reli ilifika hapa 1899 pakiwa tambarare yenye kinamasi, mafundi wakaweka karakana na bohari kabla ya kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Mji ukaota kando ya bohari. Kwa hivyo mimi mgeni wangu namwanzishia makumbusho ya reli, nyuma ya steshini, na hayako mbali na hizo nganya za kijana hapo juu.

Yalifunguliwa 1971. Nje kuna injini zimesimama kwenye nyasi, na unaruhusiwa kupanda. Itafuteni moja ya kundi la 59, zile Garratt zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock. Zilikuja 34 miaka ya hamsini, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ni kama tani 250. Garratt ni mnyama wa peke yake: chungu cha kuchemshia maji kiko katikati, na seti mbili za magurudumu ya kuendesha, moja mbele na moja nyuma, ili iweze kupinda kwenye kona kali huku ikivuta mzigo mzito kutoka baharini mpaka huku juu, zaidi ya mita 1,600. Hakuna injini ya mvuke ya reli yenye upana wa mita moja iliyokuwa kubwa kuzishinda, dunia nzima. Nilizisikia zikiingia usiku. Vijana wa sasa mnasikia honi ya dizeli mnasema ni kelele.

Halafu kuna behewa la Ryall. Huyu alikuwa ofisa wa polisi wa reli, 1900, akalala ndani ya behewa stesheni ya Kima akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Simba ndiye aliyemvizia yeye. Akaingia behewani, akamkamata, akatoka naye kwa dirisha. Behewa lenyewe liko hapo, na dirisha utaliona. Wajukuu wangu wa damu huwa hawataki kuondoka.

Msiende mchana jua likiwa kali, vyuma vinachoma. Asubuhi.

Mama Pacha

Asante Mzee, wangu pia ilibidi niwaburute kutoka kwenye hizo injini.

Nataka kusema machache kwa wale wenye watoto, maana hapa wote mnaandika kama watu wenye miguu yao tu. Kwanza choo. Vyoo vya kulipia viko tao na vingi ni safi, beba sarafu. Pili, watoto hawali kwa ratiba yako, nunua mahindi ya kuchoma au smokie na uendelee. Tatu, mahali pa kukaa bila kusukumwa.

Mahali hapo kwangu ni bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Kuna kiingilio kidogo. Ndani ni nyasi, viti na ukuta wenye majina ya waliouawa kwa bomu la 1998, zaidi ya watu 200 hapa Nairobi. Sikuwa nimepanga kuwaeleza wangu lolote, lakini mmoja anajua kusoma, akaanza kusoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine. Watu waliokuwa wamekaa wakageuka. Hakuna aliyemnyamazisha. Ikabidi nieleze, na nadhani nilieleza vizuri kuliko ningefanya nyumbani.

Jeevanjee pia ni pazuri kupumzika. Aliitoa Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906, na mpaka leo kuna watu wanaokusanyika kujadili siasa kana kwamba wao ndio bunge. Watoto wangu waliwaona ni wachekeshaji.

Kitu nisichorudia: picha. Kuna jamaa alitupiga picha bila kuambiwa, akatokea na zote zimechapishwa, akataka nilipie kila moja. Tuliongea kwa urefu. Kama unataka picha, kubali bei na idadi kabla hajainua kamera, la sivyo sema hapana mara ya kwanza na kwa sauti.

Halafu mimi ningechagua Jumapili, barabara ni tupu.

Mkaazi wa Umoja

Jumapili Archives imefungwa, na binamu ana Ijumaa peke yake. Kuna aliyeingia Archives?

Kijana wa Arusha

Wakuu, habari za humu. Mimi ni jirani, nilipitia Namanga. Archives niliingia. Jengo ni la 1906, lilikuwa benki, ya India. Chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wenu: vinyago, silaha, nguo, mapambo kutoka Afrika karibu yote. Nilidhani nitakuta mafaili na vumbi. Nilikaa mule hadi tumbo likanikumbusha. Akiwa na muda wa kuingia jengo moja tu, aingie hilo.

Ukitoka mlangoni, sanamu ya Tom Mboya iko mbele yako. Alipigwa risasi Julai 5, 1969, mtaa huohuo wa Moi Avenue, ukiitwa Government Road wakati ule, akitoka duka la dawa. Alikuwa na miaka 38. Watu wameegemea pale wanasubiriana, "tupatane kwa Mboya", nikasimama nikiwaangalia, nikaona ni heshima ya aina yake.

Mimi nilifanya siku yangu iwe ya sanamu. Kutoka Mboya nilienda kwa Dedan Kimathi, amesimama kwenye mtaa wenye jina lake, bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Waliizindua Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Kisha Kenyatta Avenue, kwenye askari watatu wa shaba. Hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi Dar tunaye mmoja, mchongaji ni huyohuyo, na maandishi yanafanana: Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Yanawataja hata wachukuzi wa mizigo wa vita vya 1914 hadi 1918. Wapita njia walinitazama kama mtu aliyepoteza kitu.

Nikamalizia KICC, lile jumba refu la mikutano. Ukifika getini uwe na kitambulisho, ulipie, lifti ikupandishe, mwisho unapanda ngazi kidogo hadi juu kabisa. Jengo lilikamilika 1973, wasanifu ni Karl Henrik Nøstvik wa Norwei na David Mutiso wa kwenu, na mwaka huohuo likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na IMF. Juu kuna upepo hasa. Unaona mnara wa saa wa Bunge, Basilika ya Holy Family, mabati ya steshini ya Mzee, na Milima ya Ngong kule nyuma. Nendeni kama saa kumi na moja, mwanga ni mzuri.

Kaka wa Luthuli, nawe nilikusikiliza kabla hujaandika. Kutoka juu pale nimeona kwamba upande wa chini ndiko kuna watu wengi.

Hasla wa Luthuli

Sasa huyu ni mtu wangu. Ukirudi nitafute, chapati juu yangu.

Bint Kisauni

Na mimi wa juu ya Moi Avenue sialikwi?

Hasla wa Luthuli

Dada wewe unaogopa baridi, tutakuletea chai huko maktaba.

Mkaazi wa Umoja

Nimesoma yote. Nafikiri asubuhi aende kwa Mzee, kisha Archives, Jamia saa saba, samaki, halafu ashuke River Road. KICC saa kumi na moja. Swali: mizigo atafanyaje? Atakuwa ameshatoka alikolala, na basi ni la usiku.

Mama Pacha

Asizunguke nayo. Kampuni nyingi za mabasi hukubali mzigo mapema ukiwa na tiketi. Akate tiketi asubuhi, auache ofisini kwao, apewe karatasi. Za thamani abaki nazo mwilini.

Mzee wa Garimoshi

Na avae viatu alivyokwisha vizoea, si vile vya mahojiano.