Mazoezi: kidogo kila siku au siku moja kwa mkupuo?

Mkazi wa Tabata
Wakuu, habari za jioni. Katikati ya wiki natoka Posta, nafika Tabata usiku. Kwa hiyo gitaa nalishika Jumamosi tu, saa tatu mfululizo, na Jumapili nakimbia kilomita 10 Coco Beach. Kila wiki vidole ni kama vinaanza upya, na miundi inauma. Hivi mazoezi "ya mara kwa mara" ni mara ngapi? Na hizo saa 10,000 wanazotaja watu, kwamba ukizifanyia mazoezi unakuwa bingwa, zina ukweli?

Solo la Pili
Mkuu, gitaa lipe dakika 25 kwa siku, siku sita. Muda unapungua kidogo kuliko wa sasa, ila unalala usingizi kati ya zoezi na zoezi, na usingizini ndipo vidole vinaposhika somo.

Ratiba peke yake haitoshi, lakini. Wengi wanaanza wimbo mwanzo, wanakwama katikati, wanarudi mwanzo. Utangulizi unakuwa mtamu kama wa bendi, pale katikati wanajikwaa palepale mwaka mzima. Chukua kipande kinachokukwamisha tu, tuseme kuhama kutoka kodi (chord, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya C kwenda F. Weka metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika: mapigo manne C, hama, mapigo manne F. Ukihama mara tano mfululizo bila uzi kukwaruza wala kunyamaza, panda hadi 64. Ukikosea mara mbili, shuka. F ikigoma usizidishe nguvu ya kubana. Kidole cha shahada kilaze kidogo kwa ubavu, kisogeze karibu kabisa na chuma cha kwanza kwenye shingo ya gitaa, kiwiko kishushe karibu na mbavu.

Dakika 5 pasha vidole, 15 hapo pagumu, 5 za mwisho piga wimbo wote kwa raha zako. Halafu futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Kwa jasho na unyevu wa Dar zinashika kutu upesi.

Kocha wa Mchangani
Naunga mkono, ila hesabu hiyo usiihamishie kwenye mbio. Dakika 25 za gitaa hazidai siku ya mapumziko. Miguu inadai, maana mwili hujijenga ukiwa umepumzika. Na pumzi huimarika haraka kuliko kano na mifupa. Ndiyo maana mtu anajiona anaweza wakati muundi bado hauko tayari.

Kilomita 10 zilezile zigawe: Jumanne 3, Alhamisi 3, Jumapili 4. Kaa hapo wiki mbili tatu, maumivu yakiisha ongeza kilomita moja. Mwendo uwe wa kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Toka saa 11:30 alfajiri. Ikifika saa 2 jua limeshakolea, na kwa unyevu wetu jasho linatiririka bila kukauka, mwili haupoi.

Pale Coco subiri maji yakupwe, ukimbie kwenye mchanga ulioshikana. Mchanga mkavu unaua vigimbi. Ufukwe nao umeinama, kwa hiyo nusu ya njia nenda, nusu rudi, la sivyo mguu mmoja unabeba mzigo wote. Ukibonyeza muundi kwa kidole ukakuta nukta moja inayouma sana, simama kukimbia, nenda hospitali. Mfupa unaweza kuwa na ufa.

Mama wa Kibaraza
Jikoni ni hivyohivyo. Anayejifunza chapati hubadilisha unga, maji na moto kwa siku moja, halafu hajui kilichomharibia. Badilisha kitu kimoja tu. Unga kilo 1, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula, maji ya uvuguvugu mililita 600 hivi. Kanda dakika 10, funika nusu saa. Zikitoka ngumu, kesho ongeza maji kidogo, mengine yabaki vilevile. Bado ngumu? Angalia moto: ukiwa mdogo chapati inakaa sana kwenye kikaango, inakauka. Na andika!

Msomaji wa Usiku
Kuhusu saa 10,000: chanzo ni utafiti wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, 1993, kwa wapiga fidla wa Berlin. Huo ulikuwa wastani wa kundi bora walipofika miaka 20, si mstari wa kuvuka. Wengine walikuwa chini yake. Mwandishi Malcolm Gladwell ndiye aliyeivumisha mwaka 2008 kama kanuni, na Ericsson mwenyewe aliipinga. Tena walichohesabu ni mazoezi ya peke yako, yenye lengo. Kupiga na washkaji barazani hakumo.

Mkazi wa Tabata
Asanteni sana. Na nikikosa siku mbili kwa sababu ya kazi?

Solo la Pili
Deni halilipwi. Usipige dakika 75 kufidia. Rudi na 25, metronomu ianze mapigo 8 chini ya ulipoishia.

Kocha wa Mchangani
Mbio pia. Ukikosa Alhamisi, Jumapili inabaki 4, si 7.